Waliokombolewa na kengele ya misheni

Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, Walutheri wa mji huu waliingia kipindi kigumu. Wamisionari wao walikuwa Wajerumani, na Mjerumani sasa alikuwa adui. Katika miaka iliyofuata waliondolewa, na aliyebaki kulishika kundi ni mwalimu mmoja aliyeitwa Martin Ganisya. Hakuwa Mzaramo wala mtu wa pwani. Asili yake ilikuwa upande wa Ziwa Nyasa, na pwani alifikishwa na utumwa. Baada ya kupata uhuru alilelewa na kusomeshwa na misheni, akawa mwalimu, akaandika katika Pwani na Bara, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa na Misheni ya Berlin mwaka 1910.

Leo ukipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi, hapa Kariakoo, utamkuta mhubiri na kipaza sauti, jasho linamtiririka, akiwaambia wapita njia kwamba wamekombolewa kwa gharama kubwa. Wengi hawageuki, wana mizigo kichwani. Kizazi cha Ganisya kingegeuka. Kwa watu wale kukombolewa lilikuwa jambo lenye tarehe, lenye mashahidi, na mara nyingi lenye bei.

Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na fedha zao nyingi zilikwenda kununua watoto watumwa. Waanglikana wa misheni ya UMCA kule Unguja waliona hilo ni kosa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ukimlipa mfanyabiashara ya watu, hata kwa nia njema, umempa mtaji wa kwenda kuteka wengine. Wao walipokea watu waliokamatwa na manowari za Waingereza ndani ya majahazi, wakawaweka Mbweni, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la walioachwa huru kwenda kusini, wakaanzisha Masasi. Hoja ya Waanglikana ni safi kwenye karatasi. Mimi huwaza kuhusu mtoto aliyekuwa amesimama sokoni siku hiyo, ambaye hakuwa na muda wa kusubiri biashara ife.

Mwezi ambao mambo haya yalionekana wazi kuliko wakati wowote ni Januari 1889. Tarehe mosi, Rabai karibu na Mombasa, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aligawa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha kwenye vituo vya misheni, baada ya mabwana zao kukubali kulipwa fidia. Siku chache baadaye, huku kwetu, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vikafika Pugu. Wabenediktini walikuwa wamefika hapo mwaka mmoja tu nyuma. Tarehe 13 kituo chao kilishambuliwa, watatu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hao mateka nao wakaja kukombolewa kwa fedha. Watu waliotoka Ulaya kuhubiri ukombozi wakawa bidhaa iliyopangiwa bei, sawasawa na watoto wa Bagamoyo.

Serikali ya Wajerumani haikufuta utumwa. Ilichofanya ni kuuwekea utaratibu. Kwa amri ya mwaka 1901 mtumwa aliweza kujinunua, akapewa cheti cha uhuru chenye mhuri. Kwa amri ya 1904, mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 alihesabiwa huru. Waliobaki walisubiri sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Kwa hiyo Kariakoo yenyewe ilipoanza kuwa Kariakoo, mjini bado walikuwepo watu ambao kisheria walikuwa mali ya wenzao.

Na jina la Kariakoo linatokana na mzigo. Jengo la soko lililoachwa na Wajerumani liligeuzwa makazi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na watu wa mji wakalitamka kwa namna yao. Kati ya waliowaongoza wapagazi alikuwemo askofu: Frank Weston wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilihusu pia pwani hii. Mwaka 1916 alikusanya mamia ya wapagazi kutoka Unguja, akavuka nao bahari, akatembea nao kwa miguu, akapewa cheo cha meja. Vita ilipokwisha hakunyamaza. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kuwashutumu Waingereza kwamba kazi ya shuruti waliyoanza kuwatwisha Waafrika ilikuwa utumwa kwa jina jingine. Ni andiko kali.

Lakini Weston huyohuyo kanisani kwake alikuwa mtu wa sheria. Aliyeanguka dhambini alitengwa na meza ya Bwana, akafanya toba mbele ya watu, akarudishwa kwa hatua. Bagamoyo mambo hayakuwa tofauti. Kengele iliwaamsha waliokombolewa, kengele ikawapeleka shambani, kengele ikawaita kwenye sala, na ndoa zao zilipitia mikononi mwa mapadri. Wapo waliotoroka. Ukitazama kwa jicho la mtoro, tofauti kati ya bwana wa zamani na padri haikuwa kubwa kama padri alivyodhani.

Hapa ndipo pana kitendawili. Vitabu walivyofundishwa kusoma watu hawa vilikuwa na Waraka wa Paulo kwa Wagalatia, waraka wenye hasira kuliko nyaraka zake zote. Wakristo wa Galatia, waliotoka mataifa yasiyo ya Kiyahudi, walikuwa wameambiwa kwamba imani haitoshi, lazima watahiriwe na kushika torati. Paulo akawaka. Kwake, aliyekombolewa na Kristo akirudi chini ya torati ni mtu aliyefunguliwa pingu akazivaa tena kwa hiari. Martin Luther aliupenda waraka huo kiasi cha kuuita mke wake, na misheni iliyomlea Ganisya ilikuwa ya ukoo huo.

Tohara huku kwetu haikuwa mjadala wa mbali. Jando lilikuwa ndilo mlango wa utu uzima, kwa Mwislamu na kwa asiye na dini. Kijana Mkristo aliyekatazwa jando hakupata mke kwa urahisi, na alipoingia mjini alichekwa. Masasi, mji ule wa walioachwa huru, ulipata jibu la ajabu: padri Vincent Lucas, baadaye askofu, alianzisha jando la Kikristo, lenye sala na msalaba, kuanzia miaka ya 1910. Sijui Paulo angesema nini. Nadhani angeandika waraka mwingine. Hata hivyo Lucas alielewa kitu ambacho wengi hawakuelewa, kwamba mtu hawi huru kwa kunyang'anywa mila yake na kupewa orodha mpya ya makatazo.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuingia Tanganyika kupitia Bukoba, ulikuja kama uasi dhidi ya dini ya orodha. Walokole, kama walivyoitwa wafuasi wake, hawakungoja kasisi awapangie toba. Walisimama wenyewe, wakataja dhambi zao hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaimba kwamba damu imewatakasa. Kwa muda, Mhaya, Mzungu na Mganda walikaa benchi moja kama wadeni waliosamehewa. Kisha orodha ikarudi: pombe, tumbaku, hereni, nywele. Uganda kundi moja lilifika mahali pa kukataza hata mikopo, agizo ambalo lingefunga nusu ya maduka ya Kariakoo kabla ya adhuhuri.

Dar es Salaam ilipata wimbi lake mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku. Watu walimiminika kuombewa, na hirizi zikasalimishwa. Alifariki mwaka 1975. Baadaye mikutano ya injili ikahamia kwenye viwanja vya wazi, Jangwani ikiwemo, bondeni tu kutoka Kariakoo. Huo ndio ulimwengu wa mhubiri Moses Kulola, aliyeanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991 na kufariki 2013. Msichana aliyeokoka enzi hizo alijua sketi iishie wapi. Wasabato kwa upande wao, waliofika Upare mwaka 1903, hawajawahi kuona aibu kusema amri kumi zingali kumi, na mwenye duka wa kwao hufunga Ijumaa jua linapozama, jirani zake wakiendelea kuuza.

Ila mtihani mkubwa ulitoka jikoni. Kwa vizazi, mnyama wa kuuzwa amechinjwa na Mwislamu, na Mkristo wa Kariakoo amenunua kuku wake bila swali, akiwa na ruhusa ya Paulo mwenyewe aliyewaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni wasiulizeulize. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulimuua mchungaji. Baadhi ya Wakristo walikuwa wameanza kudai machinjio na mabucha yao, ili nyama nayo iwe ya kwao. Dai hilo mtu anaweza kulitetea kwa haki za raia, hata kwa biashara. Kwa Wagalatia halitetewi: watu waliohubiriwa kwamba sheria za chakula zimekwisha walikuwa wanajitungia yao ya kwanza.