Kutoka Lemera hadi Panzi

Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa ndani ya hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi, teritwari ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Mganga mkuu, Denis Mukwege, alinusurika. Mwaka 1999 alifungua hospitali ya Panzi huko Bukavu kwa ajili ya wajawazito, lakini mgonjwa wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa. Husemwa kwamba msiba ndio uliozaa wema huo. Mimi naona uchungu peke yake haujengi hospitali. Kabla ya mauaji hayo, Mukwege alikuwa ameshuhudia Lemera wanawake wakiteseka na uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi kijijini. Msiba ulimkuta ana ujuzi tayari, na kanisa la Kipentekoste la CEPAC nyuma yake. Wengine watadai hospitali ya Panzi ni kazi ya fedha za wafadhili wa Uswidi tu. Ni kweli zilisaidia sana. Ila fedha hazimlazimishi mtu aliyepoteza wagonjwa wake kuanza upya. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimjia Mukwege mwaka 2018. Waliouawa Lemera bado wanadai haki, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeyaandika mauaji yao.