Bweranyange kwa Nyuzi na Dakika

Bweranyange, makao ya kale ya watawala Wahinda wa Karagwe, ipo kiasi cha nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta na nyuzi 31 mashariki mwa Greenwich. Leo mwenye simu na intaneti akiandika kodineti hizo huletewa picha ya vilima, migomba na maziwa iliyopigwa kutoka angani. Namba zenyewe ni kongwe kuliko picha. Eneo hili lilipimwa karibu karne nzima kabla ya kurushwa kwa setilaiti ya kwanza ya kupiga picha za ardhi.

Kabla ya hapo mahali palijulikana kwa safari. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliopitia Tabora, enzi hizo ikiitwa Kazeh, walikuwa na kituo Kafuro, jirani na ikulu. Kwao Karagwe ilikuwa siku kadhaa za mwendo, mito ya kuvuka na hongo ya kulipa njiani. Maarifa hayo yalitosha kuufikisha msafara salama, ila hayakutosha kuchora ramani. Wamisionari Erhardt na Rebmann walikusanya masimulizi ya misafara huko pwani, na ramani yao iliyotoka 1856 ilionyesha ziwa moja kubwa ajabu, lililomeza Victoria, Tanganyika na Nyasa kwa pamoja.

Novemba 1861 wapelelezi kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama (mtawala) Rumanyika. Speke aliondoka kuelekea Buganda Januari 1862. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki hadi Aprili. Walikuwa na sekstanti, saa na vipimajoto. Latitudo haikuwapa taabu, kwani hupatikana kwa kupima kimo cha nyota au jua vinapofika juu kabisa. Longitudo ndiyo iliyowatoa jasho. Saa zilizotikiswa njia nzima tangu pwani hazikuaminika, hivyo ilibidi kupima umbali kati ya mwezi na nyota, na kukosea dakika moja tu ya nyuzi katika kipimo hicho husogeza mahali kwa kilomita 50 na zaidi. Mwinuko ulikadiriwa kwa kuchemsha maji na kusoma joto lake. Ziwa dogo lililo chini ya ikulu walilibandika jina la Windermere, la ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba halikuwa na wenyewe. Hata hivyo, mengi waliyoandika kuhusu nchi za magharibi waliyapata kwa Rumanyika na watu wake, wala si kwa sekstanti. Kwa hiyo ramani ya Speke ni nusu ya nyota na nusu ya baraza la Mukama.

Vilele vya mbali ambavyo Speke alivitaja kwa jina la Mfumbiro, upande wa milima ya Virunga, vilikuja kuzua mambo. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 uligawa nchi za magharibi mwa Ziwa Victoria kwa mstari wa nyuzi 1 kusini, kisha ukaongeza kwamba Mfumbiro ukionekana kuwa kusini ya mstari, mstari upindishwe uuzunguke. Mlima uligawiwa kabla haujajulikana uko wapi! Ubishi uliofuata ulimalizwa kwa makubaliano ya Brussels ya 1910. Mstari wa nyuzi 1 ulibaki kuwa mpaka wa Tanzania na Uganda hadi unapokutana na Mto Kagera, na 1978 Idi Amin alidai kuiteka ardhi iliyo kati ya mstari huo na mto.

Wajerumani walichora ramani za koloni lao kwa kipimo cha 1:300,000. Waingereza walifuata na picha za ndege, zilizozaa ramani za 1:50,000 ambazo bado hutumika. Setilaiti za kijasusi za Marekani zilianza kupiga picha dunia 1960, lakini picha zao zilibaki siri hadi 1995. Landsat ya kwanza, iliyorushwa Julai 1972, ilikuwa ya kiraia. Nukta moja ya picha yake ilibeba takriban mita 80 za ardhi, hivyo ziwa lilionekana, nyumba haikuonekana. IKONOS ya 1999 ilishuka hadi mita moja. Mwaka 2005 Google Earth iliweka picha za aina hiyo mbele ya mtu yeyote mwenye kompyuta, na kumbukumbu zote za Landsat zikawa bure kuanzia 2008.

Anayetafuta Bweranyange kwenye picha hizo huanza na latitudo, kisha longitudo. Upande wa kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -1.5, 31.0. Alama hiyo ikisahauliwa, picha hufunguka kwenye mwambao wa Ziwa Albert, Uganda. Namba zikibadilishana nafasi na alama ikabaki na namba yake, hufunguka jangwani Algeria. Inafaa pia kuchagua picha za Juni hadi Agosti, kwa kuwa misimu miwili ya mvua ya Mkoa wa Kagera hufunika vilima kwa mawingu.

Tatizo gumu zaidi ni la ramani za zamani. Ramani za 1:50,000 zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti na GPS hutumia WGS 84. Kodineti ikihamishwa kutoka karatasi hadi kompyuta bila kugeuzwa, mahali husogea karibu mita 300. Barabara au kanisa lililohama hivyo hutambulika mara moja pichani. Nyumba za Rumanyika zilijengwa kwa miti na nyasi, na hakuna kuta zilizosimama ambazo jicho la setilaiti lingeweza kuzishika. Mtafiti aliyekosea mita 300 hataona dalili ya kosa lake mpaka apande kilima mwenyewe na kuwauliza wenyeji.