Alice Kober na Hati ya Kale ya Krete

Hati iitwayo Linear B, iliyochorwa juu ya vibao vya udongo ambavyo Arthur Evans alianza kuvichimbua Knossos, kisiwani Krete, mwaka 1900, ilikaa nusu karne bila msomaji. Aliyeifumbua ni Michael Ventris, msanifu majengo wa Kiingereza. Alitangaza habari hiyo redioni tarehe 1 Julai 1952, akafa kwa ajali ya motokaa tarehe 6 Septemba 1956, umri wake miaka 34. Huyu hahitaji mtetezi. Nitamzungumzia aliyemtangulia, Alice Kober, mwalimu katika Chuo cha Brooklyn, New York, aliyefariki tarehe 16 Mei 1950 akiwa na miaka 43.

Wengi walibuni sauti za alama zile. Kober alikataa kubuni, akahesabu. Karatasi zilipoadimika wakati wa vita, alikata kadi kutoka karatasi zilizokwisha tumika, akazipanga ndani ya makasha ya sigara, hata zikafika kiasi cha 180,000. Kwa kadi hizo alionyesha kwamba maneno ya lugha ile, ambayo hakuna aliyeijua, yalibadilika miisho kwa utaratibu.

Thamani ya jambo hilo yaonekana upesi kwa mfano wa Kiswahili. Tuseme lugha yetu yaandikwa kwa alama moja kwa kila silabi, na mtazamaji haijui kabisa. Akikuta apika, apike, hapiki, atahisi kwamba alama za ka, ke na ki zashiriki konsonanti moja, ijapokuwa hajui ni ipi. Akikuta tena asoma, asome, hasomi, atahisi kwamba ka na ma zashiriki irabu. Basi jedwali laweza kujengwa kabla ya sauti hata moja kutamkwa. Mwaka 1948 Kober alipanga alama kumi kwa njia hiyo.

Ventris aliendeleza njia hiyo, akajaribu kutia majina ya miji ya Krete, kama Knossos na Amnisos. Lugha ikatokea kuwa Kiyunani, kinyume cha alivyodhani mwenyewe. Wako wasemao kwamba Kober angaliishi angalifika kwanza. Mimi nasita. Kujaribu majina yale kulikuwa ni kubahatisha, na kubahatisha ndiko alikokukataa. Lakini bila jedwali, Ventris angalibahatisha juu ya msingi gani?

Sehemu kubwa ya nguvu zake za mwisho Kober aliitumia kumsaidia Sir John Myres wa Oxford kutayarisha maandishi aliyoyaacha Evans yapigwe chapa. Kitabu kilitoka mwaka 1952.