Simba wa Naivasha, Koo la Hollywood

Hell's Gate hakuna simba wa kutajika. Hifadhi hiyo ndogo iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, iliyotangazwa rasmi mwaka 1984 na yenye kilomita za mraba 68 hivi, ni miongoni mwa chache nchini Kenya ambako mgeni huachwa atembee kwa miguu au akodi baiskeli ajiendeshee kati ya pundamilia na swala, kwa sababu wanyama wakali ni haba. Hata hivyo ni huko walikokuja, Novemba 1991, baadhi ya wakuu wa filamu ya katuni ya Disney iliyoitwa baadaye The Lion King. Walikuwemo mwongozaji Roger Allers, mtayarishaji Don Hahn, Brenda Chapman aliyesimamia hadithi na mchoraji Chris Sanders. Walikuja kuisoma nchi: majabali yaliyosimama peke yake, nyasi zilizokauka, korongo lenye kuta za mawe, mwanga wa jioni unavyolala bondeni. Filamu ilipotoka mwaka 1994, mtu wa Naivasha hakuhitaji kuelezwa alichokuwa anakitazama. Hadi leo wanaotembeza wageni pale huwaonyesha jabali hili na lile wakidai kwamba ndiko ufalme wa Simba wa filamu ulikoanzia, na wakiwa wameongeza chumvi, hawakuitia kwenye chungu kitupu.

Umbo la bonde lilifika California. Sauti yake haikufika. Mingurumo ya simba katika filamu ile ilitoka kooni mwa mtu, Frank Welker, mwigizaji wa sauti ambaye miaka miwili kabla alikuwa ndiye Abu, yule tumbili wa Aladdin. Mwito wa kufungulia filamu, ambao umesimamisha watu vinyweleo dunia nzima, ni wa Lebo M, mzaliwa wa Soweto, naye anaita kwa Kizulu, lugha ambayo si ya Mmaasai, Mkikuyu wala Mkalenjin wa pande hizi. Muziki wa kusindikiza picha ni wa Mjerumani Hans Zimmer. Kiswahili kilipewa majina kadhaa ya wahusika pamoja na msemo wa hakuna matata, ambao Them Mushrooms walikuwa wameshauvumisha kwa wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982. Ninayataja haya kwa sababu naamini hayakuwa ajali ya filamu moja. Tangu kamera zianze kuletwa huku, Bonde la Ufa la kati limetumiwa kama mahali pa kutazamwa, huku masikio ya mtazamaji yakijaziwa kwingine. Hasara iliyotokana na hilo inaeleweka vibaya. Wengi hulalamika kwamba dunia imesikilizishwa simba bandia. Kwangu mimi simba bandia hana tatizo. Tatizo ni kwamba ufundi wa kumtengeneza haukuwahi kuteremka bondeni.

Mjuzi yeyote wa kazi hii atanikatiza hapa aseme kwamba sauti ya katuni ni ya kubuni tangu siku ya kwanza, na atakuwa amesema kweli. Mchoro hauna sauti. Steamboat Willie ya Walt Disney ilipoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, watu walishangazwa na jinsi kila mlio ulivyodondoka pale pale penye mwendo wa picha, na milio yote hiyo ilipigwa na watu waliokaa studio na ala na makorokoro yao. Katika miaka ya 1930 Jimmy MacDonald aliingia Disney na kwa miongo mingi akaunda mamia ya vyombo vya mbao, bati na ngozi vya kutoa upepo, mvua, gari bovu, nyuki. Hata filamu za watu halisi zilidanganya vivyo hivyo. Kookaburra, ndege wa Australia mwenye mlio kama kicheko, alisikika katika misitu ya Tarzan iliyodaiwa kuwa ya Afrika. Tai wa Marekani, mwenye kijisauti chembamba, huazimwa mlio wa mwewe. Na simba maarufu kuliko wote wa sinema, yule wa nembo ya MGM, alipotafutiwa mngurumo mpya katika miaka ya 1980, fundi Mark Mangini alimtilia sauti za chui milia, kwa kuwa simba wa kweli hakutisha kiasi kilichotakiwa. Kwa ushahidi huu, anayedai katuni irekodiwe Naivasha ndiyo iwe ya kweli hajaielewa katuni.

Nakubali, na nakwenda mbele kidogo: hadhira ya huku ilijua hayo kabla ya sinema. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki, za Wakikuyu zikiwemo, zimwi hufika mlangoni kwa aliyejificha ndani, likaimba wimbo wa ndugu wa huyo aliyejificha, na likakataliwa kwa sababu sauti ni nzito. Ndipo huenda kulainishwa koo na kurudi, na safari ya pili mlango hufunguliwa. Msimulizi hutoa sauti zote mbili mwenyewe, mbovu na iliyorekebishwa, na wanaosikiliza hupima. Mtambaji hodari wa Kiswahili naye hamwachi mtu aanguke hivi hivi tu: majini ni chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Ukiingia katika chumba cha wasanii wa foli, kazi iliyochukua jina la Jack Foley wa studio ya Universal, utakuta sakafu imegawanywa kwa mantiki hiyo hiyo: sanduku la mchanga, la kokoto, la majani makavu, kipande cha saruji, kipande cha mbao, na kando yake rundo la viatu vikuukuu. Fundi huvaa kiatu, hutazama picha, hukanyaga sanduku analotaka hatua kwa hatua na mhusika. Sasa, ili udanganye kwamba mtu anatembea juu ya vumbi la majivu ya volkano la Hell's Gate, lazima ujue vumbi hilo hulia vipi likikanyagwa, na kwamba halilii kama mchanga wa pwani. Uongo mzuri wa sauti hutungwa na mtu anayeujua ukweli wake. Kwa hiyo hoja kwamba yote ni ya kubuni hainijibu. Inanirudisha kwenye swali la nani alifundishwa kubuni, na akibuni kutokana na kumbukumbu ya nchi gani.

Historia ya filamu za wanyama kandokando ya Ziwa Naivasha inaonyesha jinsi mgawanyo huo ulivyoanza, na ulianza kwa sababu za kiufundi kuliko za dharau. Alan Root na mkewe Joan waliishi ukingoni mwa ziwa hilo, na filamu zao kwa kipindi cha Survival cha televisheni ya Anglia, Uingereza, ni kati ya zilizobadilisha namna dunia inavyomtazama mnyama. Ile ya mchwa, Mysterious Castles of Clay ya 1978, iliteuliwa kuwania Oscar. Lakini kamera za milimita 16 za miongo ile zilipiga kelele zenyewe, na nyingi zilifanya kazi bila kinasa sauti. Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa umbali. Lenzi ndefu humleta kiboko aliye mita 200 mbele yako hadi umhesabu meno. Maikrofoni haiwezi hivyo, itakuletea upepo, majani na pumzi ya mwenye kuishika. Ndiyo maana filamu za wanyama kwa kawaida zilipigwa bubu, kisha zikasafirishwa, na huko Ulaya zikavikwa sauti za maktaba, maji ya kwenye beseni kwa ajili ya mbawa zigusazo ziwa, muziki, na sauti ya msimulizi. Msimulizi wa hiyo ya mchwa alikuwa Orson Welles. Kazi iliyobaki Naivasha ilikuwa kuendesha magari, kupika kambini, kubeba vyombo, kufuatilia nyayo, kungoja siku kumi jambo la sekunde kumi. Hizo ni kazi za ujuzi, nani atabisha? Lakini aliyezifanya miaka 20 hakutoka akiwa fundi wa sauti, kwa kuwa meza ya kuchanganyia sauti hakuwahi kuiona.

Atatokea mwingine aseme kwamba bonde lilirekodiwa, tena vizuri. Ni kweli. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, na mashine yake, akanasa nyimbo za Chemirocha, wasichana wakiimba kwa kinubi kumsifu kiumbe wa ajabu aliyezuka kutokana na sahani za santuri za mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Myles North, ofisa wa utawala wa kikoloni nchini Kenya, alitumia muda wake wa ziada kurekodi ndege, na mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Cornell kikamtolea sahani ya Voices of African Birds. Kazi hizi mbili ni hazina, na nisingependa kuzidunisha. Tazama tu zilikokwenda kukaa. Kanda za Tracey zipo Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Sauti za North zikahifadhiwa kwenye mkusanyiko wa Cornell, jimbo la New York. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya mradi wa Singing Wells, unaoshirikisha studio ya Ketebul ya Nairobi, kuzirudisha nyimbo za Chemirocha hadi vijiji zilikorekodiwa. Fundi wa katuni aliyeko Burbank au Bristol alikuwa karibu zaidi na sauti za Bonde la Ufa kuliko kijana wa Nakuru mwenye kipaji hicho hicho, kwa maana ya barua ya maombi na ada ya matumizi. Kurekodiwa ni jambo moja, na kuwa na ufunguo wa kabati ni jingine.

Hoja ya fedha ndiyo ngumu kuijibu. Sauti hukamilishwa mahali bajeti inapokamilishwa, na Disney haikuwa na deni la kujenga studio Naivasha eti kwa sababu wachoraji wake waliwahi kutembelea korongo. Deni halikuwepo, sawa. Lakini filamu ile iliingiza mamia ya mamilioni ya dola mwaka wake wa kwanza tu, na Kenya haikuitumia nafasi hiyo kudai chochote zaidi ya watalii. Serikali ziliendelea kuuza mandhari: mbuga, machweo, vibali vya kupigia picha. Tomb Raider ya 2003 ilipokuja kupigwa Hell's Gate, mpango ulikuwa ule ule. Mabadiliko yalipoanza, yaliletwa na katuni zenyewe kufanyiwa hapa. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa 2010, ilihuishwa na vijana wa Homeboyz jijini Nairobi, na Eric Wainaina akashiriki katika muziki wake, ingawa waigizaji wengi wa sauti walikuwa Waingereza. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, tangu 2014, imetunga nyimbo na mazungumzo yake nyumbani, kwa Kiswahili, kwa bajeti ambayo ingemchekesha mhasibu wa Hollywood. Sauti zake si za kifahari. Ila kila kipindi kimewaacha watu wanaojua kukata mlio, kuupanga na kuusawazisha na picha, na ujuzi huo haupandi ndege mradi ukiisha.

Nakiri pia kwamba sauti ya bonde si ile wanayoiwazia wanaodai uhalisi. Novemba 1991, wakati wageni wa Disney wakiyapima majabali, kituo cha Olkaria ndani ya eneo hilo hilo kilikuwa kimezalisha umeme wa mvuke kwa muongo mmoja. Mashine ya kwanza iliwashwa 1981. Kisima cha mvuke kikifunguliwa hupiga ukelele ambao utameza mngurumo wowote wa simba. Ukiongeza malori ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, pampu za mashamba ya maua, na furukombe anayelia juu ya haya yote, unapata sauti ambayo ufalme wa Simba usingeistahimili. Fundi angelazimika kuchagua aondoe nini. Uchaguzi huo ndio sanaa yenyewe, na ndio ambao watu wa hapa hawajapewa nafasi ya kuufanya, wala ya kuukosea.

Kuna mahali ambapo kuchelewa kumeshaleta gharama. Ziwa Nakuru, hifadhi ya taifa tangu 1968, lilijulikana duniani kwa heroe, ambao wenyeji wengi huwaita flamingo tu. Kundi kubwa la ndege hao halinyamazi, usiku wala mchana: ni mkoromo wa chini usiokatika, na juu yake mchakacho wa maelfu ya miguu ndani ya maji ya kimo cha kifundo. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda na kupoteza ukali wa magadi, vijimea wanavyokula heroe vimepungua, barabara na majengo ya hifadhi yamezama, na wengi wao wamehamia Bogoria na kwingineko. Picha za ufuko wa waridi wa miaka ya 1970 zipo kwa maelfu, kwenye kadi za posta, kalenda na vitabu vya shule, na mchoraji wa katuni anaweza kuurudisha ufuko huo kesho akipenda. Mwenzake wa sauti akiambiwa auvalishe mlio wa jioni ya Nakuru ya miaka hiyo, ataanza kwa kuuliza kanda ziko wapi, kisha atatafuta beseni, maji, na mzee aliyewahi kuishi karibu na ziwa amsikilizishe hadi aseme basi, hapo umeupata.