Malaika na Gari Moshi

Wazee wenzangu wa hapa Kyela wakianza kuzungumzia muziki wa zamani, haupiti muda kabla ya kutajwa santuri ya Harry Belafonte na Miriam Makeba iliyotolewa Marekani mwaka 1965. Wako wanaoiweka juu ya santuri zote za miaka ile, hata zile za Beatles. Hoja yao ni kwamba ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966, na Makeba akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuitwaa. Wako pia wasemao kwamba imesifiwa kupita kiasi. Naona kila upande una haki yake, lakini haki hizo hazilingani uzito.

Tuanze na wakosoaji. Jina la santuri hiyo linaahidi jioni moja pamoja na waimbaji wawili. Ndani yake mna nyimbo 12, nao wanaimba pamoja katika nyimbo mbili tu. Zilizobaki kila mmoja anaimba zake. Mojawapo ya hizo mbili ni "Malaika", na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao: Belafonte alizaliwa New York, Makeba Johannesburg. Sikio la Mswahili halikosi kusikia maneno yaliyovutwa. Tena wimbo ule ni kilio cha mwanamume anayetamani kuoa. Kwetu mwanamke haoi, huolewa. Sauti ya kike inapoimba maneno yale, mtu huguna.

Iko hoja nzito zaidi. "Malaika" ilikuwa inapendwa Afrika Mashariki kabla ya 1965. Fadhili William wa Kenya aliirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 2001 huku akiendelea kutajwa kuwa mtunzi. Wengine humtaja Adam Salim, anayedaiwa kuutunga mnamo 1945. Ubishi huo haujaisha, lakini jambo moja liko wazi: wimbo ulipozunguka dunia, jina lililozunguka nao ni la Makeba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sasa niseme kwa nini, pamoja na hayo yote, nasimama upande wa wanaoisifu.

Kwanza, santuri ile haikutengenezwa kwa ajili ya kustarehesha tu. Mwaka 1963 Makeba alizungumza Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, na serikali ya makaburu ikapiga marufuku santuri zake. Mmoja wa nyimbo alizoimba humo unamwonya Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu, kwa jina lake. Mtunzi wake, Vuyisile Mini, alinyongwa Pretoria tarehe 6 Novemba 1964. Mwaka uliofuata wimbo wake ulikuwa ukisikika katika nyumba za Wamarekani. Nani atasema sifa hiyo ni ya bure?

Pili, ziangalieni zile nyimbo mbili walizoimba pamoja. Moja ni "Malaika", kilio cha kijana aliyeshindwa kumwoa ampendaye kwa kukosa mali. Nyingine ni "Mbombela", wimbo wa gari moshi. Msikilizaji wa New York angeweza kudhani ni mambo mawili mbalimbali. Mtu wa pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa anajua kwamba ni jambo moja.

Kwa Wanyakyusa mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee. Kijana alingoja miaka mingi, au alitoka kwenda kuitafuta mali mwenyewe. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine waliandikwa na Wenela kwenda migodi ya Afrika Kusini. Wakati huo Kyela ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, na reli haikufika Mbeya. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Kwa hiyo vijana wengi wa kwetu walilijua gari moshi ugenini, likiwapeleka mgodini. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali yetu ilikomesha uandikishaji wa Wenela. Wako waliorudi na fedha ya ng'ombe, wako waliorudi na kifua kibovu, na wako ambao hawakurudi kabisa.

Asiye na mali hupanda gari moshi. Hiyo ndiyo historia ya kusini mwa Afrika katika sentensi moja, na sijui santuri nyingine ya miaka ile iliyoziweka nusu zake mbili pamoja. Sidhani kwamba waliochagua nyimbo walikusudia hivyo. Wao walitafuta nyimbo nzuri, na nyimbo zenyewe zilikuwa zimekwisha kuishi maisha yetu kabla hazijafika kwao.

Makeba alifariki mwaka 2008, Belafonte mwaka 2023. Sifa ya santuri yao ni ya haki, nami siwapunguzii. Lakini tunapoisifu, tuigawe: fungu kwa waimbaji, fungu kwa watunzi wa Nairobi na Pretoria, na fungu kwa vijana walioondoka bila mali, maana wao ndio walioimbwa.