DPI ya kipanya na DPI ya simu: historia fupi ya herufi tatu

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini kisa kilichotokea kwa dada yangu kule Kawangware kimenirudisha hapa.

Dada anauza mitumba na wateja wengi humlipa kwa simu. Jioni simu hiyo hiyo inakuwa ya mwanawe wa miaka 14, na yeye kazi yake ni Free Fire. Juzi wenzake wakamwambia ukipandisha DPI ya simu, kila risasi inakwenda kichwani. Akapandisha. Asubuhi mamake akakuta maandishi yamekuwa madogo kama sisimizi. Mteja akalipa, dada akakodolea macho ule ujumbe, akaona 800, akatoa nguo. Kumbe ilikuwa 300. Mia tano ikaenda hivyo.

Nilipofika kijana akanitetea hoja yake: "Lakini Anko, shabaha imekuwa poa kweli." Basi nikamketisha nikamsimulia yafuatayo. Nimeona niyaandike na hapa, maana ushauri huo huo nimeusikia hata Luthuli Avenue nikinunua chaja.

Tuanze na kipanya, yaani ile mausi ya kompyuta. Douglas Engelbart aliionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968, lakini kwenye michezo ya risasi ilichukua muda kupata kazi. Doom ilipotoka mwaka 1993, mchezo wenyewe ulikurekebishia risasi juu na chini, hivyo wengi walitumia kibodi tu. Quake ya 1996 ndiyo iliyowafanya watu waangalie huku na huku, juu na chini, kwa kipanya. Kisha mwaka 1999 ikaja Counter-Strike. Mimi niliikuta kwenye saiba moja ya mtaani nikiwa na miaka kumi na miwili hivi, kompyuta zimeunganishwa kwa waya na foleni ya watoto iko mlangoni.

Kwa kipanya, DPI ina maana inayoeleweka: ukikisogeza inchi moja, kinaripoti hatua ngapi? Cha 400 kinaripoti hatua 400. Kiweke 800, mkono ule ule unazungusha macho ya mchezaji mara mbili. Kwa hiyo nambari hiyo inapima mwendo wa mkono.

Sasa njoo kwenye simu. HTC Dream, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilitoka mwaka 2008. Hapa Nairobi Android ilianza kushikwa na watu wa kawaida mwaka 2011, Safaricom ilipouza Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Skrini yake ilikuwa ya inchi 2.8, pikseli 240 kwa 320. Wakati huo huo simu za bei zilikuwa na skrini kubwa zenye pikseli nyingi zaidi. Sisi waandishi wa programu hapo tuna shida: kitufe cha pikseli 100 kinajaa karibu nusu ya upana wa IDEOS, na kwenye simu nyingine kinakuwa kidogo hakishikiki.

Google walitatua kwa kipimo kinachoitwa dp. Skrini ikiwa na DPI 160, dp moja ni pikseli moja. Ikiwa 320, dp moja ni pikseli mbili. Basi. DPI ya simu inaeleza jinsi ya kuchora maandishi na vitufe. Kidole hakimo kwenye hesabu hiyo.

Mwaka 2012 Android 4.2 ilificha mipangilio ya wasanidi, ukitaka kuiona unagonga nambari ya toleo mara saba. Mwaka 2016 Android 7.0 ikaongeza humo mpangilio unaoitwa Smallest width, yaani upana mdogo zaidi, unaoandikwa kwa dp. Halafu michezo ikafuatana: Free Fire 2017, PUBG Mobile 2018, Call of Duty: Mobile Oktoba 2019. Kizazi cha saiba kikahamia kwenye simu na msamiati wake. Wakakuta menyu iliyofichwa, ndani yake nambari yenye herufi dp, wakakumbuka kipanya.

Na hapa ndipo pa kuchekesha. Simu ya dada ina upana wa pikseli 720. Smallest width ilikuwa 360, maana yake DPI ni 320. Kijana akaandika 720. Piga hesabu: DPI imeshuka hadi 160! Alidhani anaipandisha, kumbe ameikata nusu. Skrini bado ina pikseli zile zile, na mguso wa kidole unafika kwenye mchezo kwa pikseli zile zile. Mchezo ukiwa unasoma DPI wenyewe unaweza kuhisi tofauti, lakini sensitiviti iliyo ndani ya mchezo inafanya kazi hiyo bila kugusa maandishi ya mama. Vivyo hivyo "pointer speed": ni ya kipanya unachochomeka kwenye simu, si ya kidole.

Mbona basi shabaha iliimarika? Nikamuuliza jana alicheza saa ngapi. Saa tatu mfululizo. Jibu ni hilo.

Yanayosaidia kweli ni haya. Punguza urembo wa picha ili mwendo uwe sawa: kwa picha 30 kwa sekunde unangoja milisekunde 33 kuona picha mpya, kwa 60 unangoja kama 17. Tumia jairoskopu kama simu inayo. iPhone ilianza kuwa nayo kwenye iPhone 4 mwaka 2010, na ukiinamisha kiganja kidogo unalenga vizuri kuliko kwa kidole peke yake. Simu nyingi za bei nafuu hazina, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Halafu kuna mtandao. Kabla ya SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ya kimataifa ilipitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi zaidi ya nusu sekunde. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, hakuna mpangilio wa simu uliomwokoa mtu.

Nimerudisha 360. Nawe ukitaka kujaribu chochote humo, andika kwanza nambari uliyoikuta. Kijana nimemchagulia sensitiviti moja ndani ya mchezo, nikamwambia asiiguse kwa wiki nzima mkono uizoee. Ile mia tano anailipa kwa kukunja nguo za mamake kila Jumamosi.

Haya, tuonane tena Mungu akipenda.