Ndege Isiyotii Usukani

Leo tutasoma habari za ndege mbili zilizopatwa na balaa la namna moja. Moja ilianguka, ya pili ilifika salama.

Kwanza tufahamu jambo moja. Mkiani mwa ndege kuna vibao vinavyopanda na kushuka. Rubani akivuta usukani, vibao hupanda na pua ya ndege huinuka. Akiusukuma, vibao hushuka na pua huinama. Vibao vikikwama juu, pua huzidi kuinuka na mwendo hupungua. Na ndege iliyopungukiwa na mwendo huanguka.

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, Ohio, Marekani, ilijaribiwa ndege mpya ya vita ya kampuni ya Boeing, yenye injini nne. Vibao vyake vilikuwa na komeo, ili visipigwe na upepo ndege inapokuwa chini. Rubani, Meja Ployer Hill, alikuwa hodari wa kazi yake, lakini siku ile komeo halikufunguliwa. Ndege iliruka, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuungua. Kati ya watu watano waliokuwamo, wawili walikufa, na Hill alikuwa mmoja wao.

Basi marubani wa jeshi wakaona kwamba kazi zimezidi kumbukumbu ya mtu mmoja. Wakaandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka na kabla ya kutua. Desturi hiyo ikaenea hata katika ndege za abiria. Leo, shida ikitokea angani, rubani mmoja huongoza ndege. Mwenzake hufungua kitabu, akatafuta ukurasa wa shida ile na kuusoma kwa sauti.

Je, ukurasa usipokuwapo? Tarehe 12 Aprili 1977 ndege ya shirika la Delta iliruka kutoka San Diego kwenda Los Angeles, ikiwa na watu 52. Kibao cha kushoto kilikwama juu kabisa. Rubani Jack McMahan aliusukuma usukani mpaka mwisho, lakini pua ilizidi kuinuka. Ndege ile ilikuwa na injini tatu: mbili chini ya mabawa na moja juu mkiani. Zile za mabawa zikiongezwa nguvu huinua pua. Ile ya mkiani huiinamisha. McMahan akapunguza nguvu za zile za mabawa, pua ikaanza kutii. Abiria nao wakasogezwa mbele ili uzito uelemee huko. Wakashuka polepole, wakatua Los Angeles, wote wazima.

Tumeona, basi, kwamba kazi ya kwanza ni kuishika ndege isianguke. Ya pili ni kusoma. Ya tatu ni kushauriana bila papara.

Swali la kuzungumza darasani: Katika kazi yako, ni mambo gani yafaa kuandikwa na kubandikwa ukutani, ili hata fundi mzoefu ayasome kila siku?